Kafi Lisiwe Shoka la Mikoko

Mwenye kusimama Michamvi Kae alasiri, wakati maji yanapojaa, huona mambo mawili kwa pamoja. Humwona mvuvi wa dema akirudi polepole, upondo mkononi, mtumbwi wake umekaa chini kwa uzito wa mitego. Na pembeni mwake huona msururu wa vyombo vyepesi vya plastiki, vyekundu na vya manjano, viitwavyo kayaki, vimewachukua wageni wanaokwenda kutazama mikoko na kuchwa kwa jua. Wote hao wanatumia bahari moja, na wote wanakisukuma chombo kwa nguvu za mikono yao. Tofauti ni kwamba mmoja anatafuta riziki na mwengine anatafuta starehe.

Starehe ya halali haina ubaya, na mgeni aliyekuja kwa heshima ana haki ya kuonyeshwa uzuri wa nchi yetu. Lakini katika visiwa vidogo kama vyetu hakuna starehe ya baharini isiyogusa riziki ya mtu au maskani ya kiumbe. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu wenyewe kuwa watu 1,889,773. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Maana yake ni kwamba kwa kila wenyeji watano, karibu wageni wawili walikanyaga ardhi yetu katika mwaka mmoja. Si wote walioshika kafi, lakini idadi hiyo yatosha kutuonya kwamba jambo lililokuwa dogo jana halitabaki dogo kesho. Kwa hiyo yafaa tulizungumze mapema, wakati bado kuna nafasi ya kupanga.

MAHALI PENYEWE

Ghuba ya Chwaka ni bahari ya maji haba, iliyokingwa na rasi ya Michamvi upande wa mashariki. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita tatu, na yakishapwa sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga, matope na majani ya bahari. Kusini mwa ghuba ndipo ulipo msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya kisiwa cha Unguja, nao umepasuliwa na mikondo ambayo mkubwa wake ni Mapopwe. Humo imo mikoko yenyewe yenye mizizi iliyopinda kama magoti, na imo misinzi, mikandaa, michu na mililana, kila mti mahali pake kwa kadiri ya chumvi na maji uliyojaaliwa.

Wataalamu wamehesabu katika ghuba hiyo aina 11 za majani ya bahari. Sisi tuliolelewa na kitoweo cha tafi na pono hatuhitaji kufundishwa faida ya majani hayo, kwa sababu hapo ndipo samaki hao wanapolishwa na ndipo dema linapotegwa. Maji yakipwa, akina mama huteremka kuokota kombe na chaza. Kilimo cha mwani, kilichoanza kwa biashara visiwani mwetu mwaka 1989, kimewapa maelfu ya wanawake wa pwani fedha yao wenyewe mkononi, hata kama bei yake haijawahi kulingana na jasho lao.

Mikoko nayo ina historia ndefu katika maisha yetu. Boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi ya msimu hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na vyumba vya nyumba za Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Leo tunajua kwamba mti uliosimama una kazi kubwa kuliko ule uliolazwa. Mizizi yake hushika tope lisichukuliwe na maji, huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika mashambani, na huwaficha samaki wachanga na kamba mpaka wapate ukubwa wa kwenda bahari kuu.

Kwa kutambua hayo, Serikali ya Mapinduzi ililitangaza eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50, kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Mwaka 2016 UNESCO nayo ikaliingiza katika orodha ya dunia ya hifadhi za binadamu na viumbe hai. Msingi wa hifadhi za namna hiyo ni kugawa eneo kwa busara: pana kiini kisichoguswa, pana ukanda wa kukikinga kiini hicho, na pana mahali ambapo watu huendelea na kazi zao. Msingi huo tunauheshimu nchi kavu, ndani ya msitu wa kima punju. Majini bado hatujautekeleza kwa ukamilifu unaostahili.

UKIMYA WA KAFI

Tuseme kwanza lililo kweli kwa upande wa kayaki. Kati ya vyombo vyote vya kitalii, chombo cha kafi ndicho chenye madhara machache. Hakimwagi mafuta, hakina mngurumo, wala hakitoi wimbi la kumomonyoa kingo za mkondo. Ukikilinganisha na boti za mashine zinazowafukuzia pomboo kule Kizimkazi, mwenye kayaki ni mtu wa adabu. Laiti wageni wote wangeuona uzuri wa bahari yetu kwa mwendo wa kafi, hifadhi ingepumua.

Hata hivyo, ukimya si sawa na usalama. Mashine hukoma pale maji yanapokuwa haba, lakini kayaki huelea katika kina cha dhiraa moja na chini ya hapo. Huingia katika vijikono vyembamba vya mikoko ambamo tangu hapo hapakuingia chombo ila mtumbwi wa mtu mmoja mwenye haja maalumu. Kwa hiyo kile kinachokifanya chombo hiki kisifiwe ndicho pia kinachokifikisha mafichoni mwa viumbe.

Chukua mfano wa ndege wa pwani, wale wenye miguu mirefu wanaotembea matopeni. Wengi wao hutoka Ulaya na Asia ya kaskazini, wakafika kwetu wakati wa baridi ya huko, kati ya Oktoba na Machi, ili wale na kujipa nguvu za safari ya kurudi. Meza yao huandikwa maji yanapopwa na huondolewa yanapojaa. Msafara mmoja wa kayaki ukiwarusha, watazunguka na kutua tena. Msafara wa pili ukiwarusha, watatua mbali zaidi. Ukifika wa tano, maji yameshajaa na ndege hawajashiba. Hakuna katika wapigaji makafi hao aliyekusudia ubaya, wala hakuna atakayeona mzoga wa kumshtua. Lakini wazee wetu walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali.

Halafu kuna suala la maji yenyewe. Tumewahi kuona kundi la wageni lililoingizwa mkondoni kwa kuchelewa, maji yakiwa yameshaanza kurudi. Mwongozaji wao, kijana mwepesi wa maneno, hakuwa mwenyeji wa ghuba na hakuijua saa ya bamvua. Kabla ya nusu saa vyombo vilikuwa vimekaa chini, na wageni wakateremka wakaanza kuviburura. Walivipitisha juu ya majani ya bahari, juu ya mizizi ya kupumulia ya mlilana iliyochomoza matopeni kama vidole, na mwishowe wakakatisha katika shamba la mwani wakang'oa vigingi na kamba. Mwenye shamba hakuwapo. Alipofika siku ya pili hakujua amtake nani fidia. Kundi lilishapanda ndege likaenda zake.

Mizizi ile iliyovunjwa si mapambo. Ndiyo pua ya mti unaoishi katika tope lisilo na hewa. Na zile mbegu ndefu za mkoko, ambazo huota zingali mtini na kudondoka zikiwa tayari zimechongoka kama mikuki, hujichomeka pale pale zinapoangukia, na miche yake ndiyo inayokanyagwa na mtu anayetafuta mahali pa kuegesha chombo chake.

SHERIA ISIWE NA NYUSO MBILI

Lakini lililotufanya tuchukue kalamu si ndege wala mizizi peke yake. Ni haki.

Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 1996, na baadaye sheria ya uvuvi ya mwaka 2010 na ile ya mazingira ya mwaka 2015, wananchi wa pwani wameombwa mambo mengi. Wameombwa wasikate boriti bila ya kibali. Wameombwa waache nyavu za kukokota. Vijiji vimetia saini mikataba ya kusimamia misitu yao, na vijana wamejitolea doria usiku bila ya malipo. Mama aliyezoea kuni za mikoko ameambiwa atafute kuni mahali pengine, naye akaenda mbali zaidi. Wengi wametii kwa sababu walielezwa kwamba kilichohifadhiwa ni mali yao na ya wajukuu wao.

Sasa, mtu huyu aliyetii aone nini? Aone kwamba pale alipokatazwa kuingia na mtumbwi wake wa mwembe, chombo cha plastiki kinapita na wenyewe wanapigwa picha? Aone kwamba mkoko ulioharamishwa kwa boriti ya banda lake umehalalishwa kwa kupisha njia ya kuteremkia wageni? Akiona hivyo, hata akinyamaza mbele ya sheha, moyoni atasema kwamba hifadhi ni jina jipya la kunyang'anywa. Na siku atakaposema hivyo, hakuna idadi ya walinzi itakayoweza kuulinda msitu ule, kwa sababu mlinzi wake wa kweli atakuwa ameshaondoka.

Hapa sisi wa Chama hatuna budi tujikosoe. Katika mikutano mingi tumekuwa wepesi wa kupiga makofi mradi unapotangazwa, na wazito wa kuuliza: njia yake ya majini itapita wapi, na nani alikuwa akiitumia kabla? Kazi ya kada si kushangilia tu. Kazi yake ni kuyafikisha juu yale yanayosemwa barazani, hata yakiwa machungu.

Kwa upande wa pili, wapo wenzetu, baadhi yao wakiwa maafisa wenye nia njema, wanaoona dawa ni kufunga kila kitu. Rai hiyo nayo hatuikubali. Kijana wa Ukongoroni au Charawe anayepata ujira wa kuwaongoza wageni katika mikondo aliyokulia ana sababu ya kuutaka msitu ule uwepo kesho. Mfungie njia hiyo, naye ataiona tena thamani ya shoka. Isitoshe, bahari hii si ya wageni na wavuvi peke yao. Watoto wetu nao wana haki ya kucheza na makafi. Ni aibu kwamba tunao vijana wa mjini, wana wa kisiwa, ambao hawajapata kushika kafi wala hawajui bamvua na maji mafu. Mtu hakilindi asichokijua.

MIFANO TUNAYO WENYEWE

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta njia ya katikati. Nenda Pete, ukingoni mwa Jozani. Pale wageni huingia ndani kabisa ya mikoko bila ya kukanyaga mzizi hata mmoja, kwa sababu imejengwa njia ya mbao juu ya matope. Mgeni hana haja ya kuambiwa usiende huku wala kule, njia yenyewe imemwambia. Na sehemu ya mapato ya wageni wa Jozani ilipangwa irudi katika vijiji vinavyouzunguka msitu, ili mkulima anayeliwa mazao yake na kima asione kwamba analisha wanyama wa watu wengine.

Tazama Chumbe. Tangu mwaka 1994 uvuvi umekatazwa katika mwamba wake wa upande wa magharibi, na wavuvi wa zamani wakafundishwa kuwa walinzi. Nyumba za wageni ni saba tu, na wanafunzi wa skuli hupelekwa kujifunza matumbawe kwa macho yao. Somo la Chumbe ni kwamba idadi ikiwekwa mapema haimfukuzi mgeni, bali humfanya aithamini nafasi aliyoipata.

Tazama Kisiwa Panza, Pemba, ambako wananchi wenyewe waliamua kulifunga kwa muda eneo la pweza, wakangoja akue, kisha wakalifungua kwa siku waliyokubaliana wote. Waliofunga ni wale wale wanaokula, na kwa hiyo kufuli lilishika.

Na tazama Misali, iliyotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Masimulizi ya Wapemba yasema kwamba Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala wa kusalia, walipokosa akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mfano wa msala wake, kwani kimeelekea kibla. Wahifadhi walipofika huko hawakuyapuuza masimulizi hayo. Walikaa na walimu wa dini, wakazungumza na wavuvi kwa lugha ya amana: kwamba mwanadamu amewekwa duniani kuwa mwangalizi, si mmiliki, na kwamba Muumba ameweka mizani ambayo haifai kupunjwa. Tuliopitia vyuoni kabla ya skuli tunakumbuka tulivyofunzwa kutofuja maji ya udhu hata tukiwa ukingoni mwa mto unaotiririka. Kama uchache unatakiwa pale penye wingi, seuze katika ghuba inayokauka mara mbili kila siku!

LA KUFANYA

Kwa hiyo twapendekeza mambo matano, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, zichorwe njia za majini. Kile ambacho mbao zimekifanya Pete, vigingi na maboya yakifanye Mapopwe. Mkondo mkubwa uwe wazi kwa wapigaji makafi, na vijikono ambamo samaki huzalia na ndege hulala vifungwe. Wa kuichora ramani hiyo wawe kamati za wavuvi, akina mama wa mwani na waokotaji kombe, wakisaidiwa na wataalamu wa misitu na wa uvuvi. Ramani iliyochorwa afisini peke yake itabaki afisini.

Pili, saa ya kuingia ifuate maji, isifuate ratiba ya hoteli. Watu waingie yanapojaa na wawe wameshatoka kabla ya kupwa. Katika miezi ya ndege wageni, tandazo wanazolishia ziepukwe kabisa. Na pale kasa wanapotagia, kama huko Misali, asiteremke mtu pwani usiku kwa ajili ya starehe.

Tatu, kila kundi liwe dogo na liongozwe na mwenyeji aliyefunzwa na kupewa kitambulisho. Ujuzi wa mikondo ni elimu, na elimu hiyo iko vijijini. Ni haki ilipwe.

Nne, pawepo ada kwa anayefanya biashara ya starehe hii, itolewe risiti, na sehemu ya kijiji isomwe hadharani katika mkutano wa shehia: zimeingia ngapi, zimetumika wapi. Tangu mwaka 2020 uchumi wa buluu umekuwa wimbo wa taifa letu la visiwani. Wimbo huo utaaminiwa siku ambayo mama wa Chwaka ataweza kuuliza hesabu na akajibiwa. Mtoto wa kijijini anayecheza na mtumbwi wa baba yake asitozwe chochote, wala mvuvi anayepita kwenda kazini.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, palipofungwa pafungwe kwa kila mtu. Mwenye hoteli, mgeni wake, afisa na rafiki wa afisa wasimamishwe pale pale anaposimamishwa mvuvi. Na anayeharibu shamba la mwani alipe kabla ya kuondoka, kupitia kwa yule aliyemwingiza majini.

Wapo watakaosema kwamba masharti mengi yatawakimbiza wageni. Sisi hatuamini hivyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apishe. Mgeni anayekuja kutazama mikoko hataendelea kuja kutazama visiki, wala hatalipa kusikiliza kimya cha ndege walioondoka.

Tunawaomba masheha, maafisa wa wizara zinazohusika, wenye mahoteli na vijana waongozaji walichukue jambo hili kabla halijawa ugomvi. Waanze kwa jambo jepesi: wakae pamoja Michamvi Kae siku moja ya bamvua, tangu maji yanapojaa mpaka yanapopwa, pamoja na mvuvi wa dema na mama wa mwani. Kabla ya kuagana watakuwa wameshaona wenyewe mahali gani pa kupitisha kafi, na mahali gani pa kulizuia.